Ampère: mzee aliyepima nguvu ya waya, halafu akakiri asichokipima

Leo naomba siasa na habari za mjini zipumzike kidogo. Kuna jambo linanikera tangu nimalize kidato cha nne, na juzi nimelikumbuka tena baada ya kusoma maisha ya mzee mmoja Mfaransa aliyefariki mwaka 1836. Nikaona nisikae nalo peke yangu. Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Shuleni kwetu (jina naliacha, si vizuri kuanika watu) maabara ya fizikia ilikuwa na ammita moja tu ya kuaminika, na siku ya jaribio la umeme ikagoma. Sindano imeganda kwenye sifuri. Ukiunga betri haisogei. Ukiigonga kwa kidole inaruka kidogo, halafu inarudi kulala. Tukaangaliana. Tukaambiwa tusipoteze muda, namba ziko ubaoni, tunakili. Tukanakili. Darasa zima tukachora grafu moja, mstari umenyooka kama rula, na wote tukapata alama nzuri. Kupika data nilijifunzia pale pale, tena kwa ruhusa.

Alama sikuzikataa, nani anakataa alama? Ila swali moja lilinibaki kichwani. Hivi ile sindano ikiwa nzima, nani anayeisukuma? Niliuliza, nikajibiwa kwamba haitoki kwenye mtihani.

Jibu lenyewe ni hili. Ndani ya ammita ya sindano kuna koili ndogo ya waya mwembamba, imekaa katikati ya sumaku. Umeme ukipita kwenye waya ulio karibu na sumaku, waya unasukumwa. Kuna springi ndogo inayoizuia ile koili isizunguke ovyo. Nguvu ya sumaku inasukuma huku, springi inavuta kule, na pale zinapolingana ndipo sindano inaposimama. Umeme ukiongezeka, msukumo unaongezeka, sindano inasogea zaidi. Kwa hiyo ukisoma ammita, kwa kweli unasoma nguvu inayousukuma waya. Na mtu aliyekaa chini kuipima na kuiandikia kanuni nguvu inayofanya kazi kati ya waya na waya ni huyo mzee wetu, André-Marie Ampère. Ile herufi A kwenye chaja ya simu yako, ile 13A kwenye fyuzi ya plagi, ni jina lake.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1775 katika mji wa Lyon, Ufaransa, akakulia kijiji cha karibu kinachoitwa Poleymieux. Baba yake, Jean-Jacques Ampère, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wake, na alikuwa na msimamo wa ajabu kuhusu elimu. Alifuata mawazo ya mwandishi Rousseau kwamba mtoto asilazimishwe darasani. Basi André hakupelekwa shule. Aliachiwa maktaba ya nyumbani, asome anachotaka.

Ngoja hapo hapo. Najua kuna mshkaji ameshaanza kuandika maoni kwamba shule haina maana. Taratibu ndugu yangu. Dogo alikuwa na nyumba iliyojaa vitabu na baba mwenye muda naye. Alipotaka kusoma hesabu za Euler na Bernoulli akakuta zimeandikwa Kilatini, akakaa akajifunza Kilatini. Hajaenda shule ni kweli, lakini hajakaa kijiweni.

Halafu maisha yakampiga. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza 1789. Baba yake alikuwa na kazi ya hakimu pale Lyon. Mwaka 1793 mji huo uligombana na serikali ya Paris, ukazingirwa na jeshi, na Oktoba ukasalimu amri. Waliokuwa na vyeo wakaanza kukamatwa. Novemba 1793 mzee Jean-Jacques alikatwa kichwa kwa ile mashine ya wanamapinduzi. André alikuwa na miaka 18. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amemzika dada yake mkubwa.

Kijana akazimika. Kwa zaidi ya mwaka hakugusa hesabu wala kitu kingine cha maana. Mtu aliyejifunza Kilatini ili asome Euler akawa anakaa tu. Kilichomrudisha taratibu ni mimea. Alianza kusoma elimu ya mimea, akawa anazunguka mashambani kuangalia maua na majani, na akili ikaanza kuamka.

Mwaka 1799 alimuoa Julie Carron. Alimpenda kwelikweli, na mwaka 1800 wakapata mtoto wa kiume, Jean-Jacques, jina la babu. Pesa haikuwepo. Mwaka 1802 akapata kazi ya kufundisha fizikia na kemia katika mji wa Bourg, mbali na mkewe ambaye alibaki Lyon akiwa mgonjwa. Julai 1803 Julie akafariki. Ampère hakuwa ametimiza hata miaka 30, na alikuwa ameshamzika dada, baba na mke.

Akahamia Paris, akapata kazi Chuo cha Polytechnique mwaka 1804. Kumbuka, huyu ni mtu asiye na cheti chochote cha shule. Alioa tena mwaka 1806, ndoa ikawa balaa, ikavunjika mapema, akabaki na binti mdogo aitwaye Albine. Mwaka 1808 akapewa ukaguzi mkuu wa elimu, kazi ya kuzunguka nchi nzima kukagua shule. Mwaka 1814 akachaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi. Wanasimulia kwamba alikuwa msahaulifu kupita kiasi, eti siku moja alianza kuandika hesabu kwa chaki nyuma ya gari la farasi akidhani ni ubao, gari likaondoka na hesabu yake! Hiyo msiniulize, nimeipokea kama hadithi.

Sasa tuje kwenye waya.

Mwaka 1820 Mdenishi mmoja, Hans Christian Ørsted, aliona kwamba waya wenye umeme ukisogezwa karibu na dira, sindano ya dira inageuka. Leo tunaona kawaida, lakini wakati ule watu wengi walikuwa wanajua umeme ni kitu kimoja na sumaku ni kitu kingine kabisa. Habari ikafika Paris mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 11 Septemba 1820 mwanasayansi Arago akawaonyesha wenzake jaribio hilo pale Akademia. Ampère alikuwepo, alikuwa na miaka 45.

Wiki moja tu baadaye, tarehe 18, alisimama kuwaeleza ameanza kupata nini, na tarehe 25 akaendelea. Wazo lake lilikuwa rahisi ukishaambiwa. Kama waya wenye umeme unafanya kazi kama sumaku, basi waya mbili zenye umeme zinapaswa kuvutana au kusukumana zenyewe, bila sumaku yoyote kuwepo. Akatengeneza kifaa. Waya mmoja umefungwa usitikisike, wa pili uko sambamba nao, umening'inia uwe huru kuyumba. Akapitisha umeme wa betri ya Volta. Umeme ukienda upande mmoja kwenye waya zote, zinavutana. Ukienda pande tofauti, zinasukumana.

Wapinzani hawakukosekana. Kuna waliosema huo ni ule umeme wa kawaida unaofanya nywele zivutwe na kitana. Ampère akawajibu kwa hoja. Kwa ule umeme uliotulia, vitu vyenye chaji za aina moja husukumana, lakini hapa mikondo ya upande mmoja inavutana. Isitoshe, waya zikishagusana zinabaki zimeng'ang'aniana, haziachani. Hicho ni kitu kingine.

Kuona ni rahisi, kazi ni kupima. Fikiria hali yake. Nguvu yenyewe ni ndogo mno. Betri za wakati ule zilikuwa zinachoka haraka, dakika hii zina nguvu, dakika ijayo zimelegea. Ammita hakuna, kwa sababu elimu ya kuitengeneza ndiyo kwanza yeye anaitafuta! Hata sumaku ya dunia ilikuwa inaingilia kati na kuuvuta waya wake. Ukipima kwa mtindo wa kusoma namba, kesho unapata namba nyingine.

Ujanja wake ulikuwa huu, na mimi ndio ulioniacha hoi. Aliacha kupima nguvu moja moja. Akazishindanisha nguvu mbili. Chukua waya ulio huru kuyumba, uweke katikati. Kulia weka waya ulionyooka, kushoto weka waya uliopindapinda kama nyoka, vyote umbali sawa. Umeme ule ule wa betri moja unapita kote, na pande mbili zinausukuma waya wa katikati kwa kushindana. Betri ikilegea, inalegea kwa wote. Waya wa katikati usipotikisika, basi nguvu mbili zimelingana, na hujahitaji kusoma namba hata moja. Ni kama mizani ya sokoni ya mawe. Unachotafuta ni mkono ukae sawa tu.

Kwa mtindo huo alijenga hoja zake nne. Ya kwanza, waya unaokwenda na kurudi umeshikana na mwenzake hauna nguvu yoyote nje, kwa sababu upande mmoja unaufuta mwingine. Ya pili ni hiyo ya waya uliopinda, kwamba una nguvu sawa na ulionyooka. Ya tatu, nguvu inayotoka kwenye mzunguko kamili wa umeme daima inausukuma waya kwa ubavu, kwa pembe ya nyuzi 90, haiusukumi kwa urefu wake. Ya nne ilitumia duara tatu za waya za ukubwa tofauti, la katikati likiwa huru, ili kujua nguvu inabadilikaje ukubwa na umbali vikibadilika. Kutoka hapo akaipata kanuni ya nguvu kati ya kipande kimoja cha mkondo na kingine.

Hata hivyo si kila kitu alikiona. Mwaka 1822 akiwa Geneva pamoja na Auguste de la Rive, walisogeza sumaku kubwa karibu na pete ya shaba iliyoning'inia ndani ya koili yenye umeme, pete ikasogea. Maana yake umeme ulikuwa umezaliwa ndani ya pete yenyewe. Ampère hakulipa uzito jambo hilo, akapita. Miaka 9 baadaye, 1831, Michael Faraday kule Uingereza, mtoto wa mhunzi, ndiye aliyeligundua vizuri, na jenereta zote zinatokana na hapo. Hata vichwa vikubwa vinapitwa na vitu vilivyo mbele ya macho yao.

Kitabu chake kikubwa, chenye kanuni yote, kimeandikwa mwaka 1826 kwenye jalada. Jina la kitabu linatangaza kwamba nadharia nzima imetolewa kwenye majaribio tu, basi. Sasa wadau, hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti. Ukifika mwishoni mwa kitabu hicho, Ampère mwenyewe anakiri kwamba baadhi ya vifaa alivyovichora humo hakuwa bado amepata muda wa kuvitengeneza, na kwa hiyo majaribio yake hayajafanyika!

Niliposoma mara ya kwanza nikacheka. Nikasema kumbe na wewe mzee ulikuwa unapika! Halafu nikafikiri tena. Sisi tulinakili ubaoni, tukaandika kwenye daftari kana kwamba tumepima. Yeye alikuwa na uhakika na matokeo, hesabu zake zinambeba, jina lake ni kubwa, na hakuna aliyekuwa anamkagua. Angeweza kunyamaza. Akaandika wazi kwamba hiki sijakifanya. Lawama anayo, kwa sababu jina la kitabu linadai zaidi ya kilichokuwepo mezani. Lakini msomaji wake aliachiwa ukweli mkononi, ajue ni wapi pa kuamini na wapi pa kwenda kupima mwenyewe.

Na kuna aliyekwenda kupima. Mjerumani Wilhelm Weber alitengeneza kifaa chenye koili mbili, moja imening'inia ndani ya nyingine, akasoma mgeuko wake kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1846 akatoa matokeo ya vipimo vyake, na yaliafiki kanuni ya Ampère. Ampère alikuwa amefariki miaka 10 kabla. Baadaye Maxwell, Mskoti aliyeunganisha elimu yote ya umeme na sumaku, alimfananisha na Newton kwa upande wa umeme, lakini pia alisema kwamba ni vigumu kuamini Ampère aliipata kanuni yake kwa majaribio yale tu aliyoyaeleza. Sifa na ukosoaji kwa pamoja, na vyote ni haki.

Mwisho wa maisha yake haukuwa wa raha. Binti yake aliolewa na mwanajeshi mlevi, nyumba ikawa haina amani. Ampère aliendelea na safari zake za ukaguzi hadi afya ikaisha. Alifariki Marseille tarehe 10 Juni 1836, akiwa safarini kikazi, akiwa na miaka 61. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulilipa jina lake kipimo cha mkondo, ndio ampea tunayoijua. Na kuanzia mwaka 1948 ampea ilielezwa kwa jaribio lake lile lile la waya mbili. Ziweke sambamba, umbali wa mita 1, zipitishe mkondo ulio sawa. Kila mita ya waya ikisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 0.0000002, huo mkondo ni ampea 1. Mbu mmoja tu ana uzito unaoizidi nguvu hiyo zaidi ya mara 50. Maelezo hayo yalidumu hadi tarehe 20 Mei 2019, ambapo ampea ilianza kuelezwa kwa chaji ya elektroni.

Kwa mashule yenye vifaa leo kazi ni nyepesi. Unaweka sumaku juu ya mizani ya kidijitali, unapitisha waya uliofungwa imara katikati yake, unawasha umeme. Waya unaisukuma sumaku, sumaku inaukandamiza mzani, namba inabadilika. Nguvu ni uga wa sumaku mara mkondo mara urefu wa waya ulio ndani ya uga. Ukiwa na uga wa tesla 0.1, waya wa sentimita 5 na ampea 2, unapata nyutoni 0.01, na mzani unabadilika kwa gramu 1 hivi. Ongeza hadi ampea 4, zinakuwa gramu 2. Hakuna sababu ya kunakili ubaoni.

Mimi mizani sina. Nilichofanya ni kukata vipande viwili vyembamba vya ile foili ya kufungia chakula, urefu wa kama shubiri moja, nikavining'iniza vikikaribiana bila kugusana, nikaviunganisha chini, halafu juu nikagusisha betri kubwa mbili za tochi kwa sekunde moja tu. Kimoja umeme unashuka, kingine unapanda. Vikaachana! Kidogo, lakini vikaachana. Nikarudia mara sita, mara sita vikaachana. (Msijaribu na umeme wa ukutani, utakufa. Na betri usiishikilie muda mrefu, foili inapata moto.)

Mkondo ulikuwa ampea ngapi? Sikupima, ammita sina. Vilisogea milimita ngapi? Rula yangu haikutosha kusoma. Kwa hiyo namba siwapi. Na ile grafu ya kidato cha tatu, ile iliyonyooka kama rula, haikuwa yangu. Nilitaka niseme hivyo mahali penye watu.

Haya wadau, nyie maabara zenu zilikuwaje? Mlipima au mlipika? Uwanja wa maoni uko hapo chini, karibuni.